Ati simu ndiyo imeua chama?

Swali limetoka kwa msomaji wa Ahero, nalifupisha kidogo. Chama chao cha kina mama kimekuwako tangu enzi za mama yake, mzunguko kila mwezi na sanduku la mikopo pembeni. Wakati wa korona wakakihamishia kwa simu, michango M-Pesa, mazungumzo WhatsApp, na korona ilipoisha hawakurudi. Sasa yeye ndiye katibu na chama kinamfia mikononi. Kina nyanya wamenyamaza, mweka hazina anazozana na wenzake juu ya pesa ambazo hata yeye haelewi zilienda wapi, na watu wanachanga usiku wa manane bila hata salamu. Shangazi yake anasema simu ndiyo imeua chama, wasichana wanasema simu ni chombo tu, ni watu wamebadilika. Anauliza: "Daktari, nani ako sahihi hapo, teknolojia ndiyo inabadilisha jamii ama jamii ndiyo inabadilisha teknolojia? Na hii AI kila mtu anaongelea, itatufanyia hivo hivo?"

Dadangu, shangazi yako yuko karibu na ukweli kuliko hao wasichana, lakini si kwa sababu anayoitoa yeye.

Hiyo ya "ni chombo tu" naisikia kila mahali nikiitwa kuongea, kanisani, vyuoni, hadi kwa wanasiasa, na naona inapendwa kwa sababu inamwondolea kila mtu lawama. Shida ni kwamba inachukulia chombo kama kitu kitupu kisicho na maoni yake. Vyombo vingi tunavyotumia vimebebeshwa sheria na wale waliovitengeneza ama waliovinunua, na sheria ikishaingia ndani ya chombo inafanya kazi kimya kimya, hakuna mtu anaikumbuka tena.

Chukua hilo sanduku lenu. Kama ni yale ya chuma ya vikundi vya akiba, lina kufuli tatu, funguo zinakaa kwa wanawake watatu tofauti, na yule analilaza kwake hana hata ufunguo mmoja. Siku ya kikao mama wa ufunguo wa pili akichelewa mnakaa tu, mnapiga stori, mnamngoja, hakuna wa kugusa pesa. Yaani mlikuwa na sheria kali sana, kwamba pesa ya kikundi haiguswi bila watu kuonana uso kwa uso, na hamkuhitaji kuikumbushana maana ilikuwa imechomelewa kwa chuma. Halafu ikaja Machi 2020, mikutano ikapigwa marufuku, na wakati huohuo kutuma M-Pesa hadi shilingi 1,000 kukafanywa bure ili watu wasishikane noti, sasa nani angekataa, mkasema basi tutume kwa laini ya mweka hazina. Laini moja, PIN moja. Hakuna mtu alisimama akasema "leo tunafuta ile sheria ya watu watatu", hakuna kura ilipigwa, lakini sheria ilifutika siku hiyo, na kwa vile hakuna mtu alikuwa anaiona, hakuna aliyejua imeenda. Ile bure iliisha Januari 2021, nyinyi mkabaki hukohuko.

Na kuhusu hiyo pesa inayozozaniwa, hebu kwanza muulizeni mweka hazina kwa upole kama laini yake iko na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa unaokujazia salio likipungua. Fuliza imekuwako tangu Januari 2019, na ikishakukopesha, pesa yoyote inayoingia kwa hiyo laini inakatwa kwanza kulipa deni, haiulizi hii ni ya nani. Mama ametuma mchango saa tano usiku, umekatwa saa tano usiku, mweka hazina ako usingizini. Asubuhi anaamka anakuta salio halilingani na jumbe alizonazo na hajui aanzie wapi kueleza, na kusema ukweli ni mama gani atasimama mbele ya wenzake aseme yeye huishi kwa Fuliza? Kwa macho ya mtambo hakuna kitu kinaitwa pesa ya chama, kuna laini na mwenye laini, basi. Sanduku lilijua kutofautisha pesa ya mtu na pesa ya watu, simu haijui, na hapo ndipo watu wawili wanaweza kuitana mwizi na hakuna mwizi kati yao. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenu, nasema anzieni hapo kabla hamjafika kwa chifu.

Sasa utaniambia basi teknolojia ndiyo bosi. La, na ushahidi ni M-Pesa hiyohiyo. Wazo la mwanzo, la Vodafone na pesa za serikali ya Uingereza, lilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Majaribio yakaanza 2005, Nairobi na Thika, pamoja na wateja wa Faulu, shirika la mikopo midogo, na wenye mradi wakakuta watu wanafanya mambo yao, huyu anamtumia mwenzake, yule anaweka pesa kabla ya safari anaenda kuitoa akifika ili asiporwe njiani, mwingine anamlipia jirani deni. Mambo ya mikopo yakawekwa kando, na ilipozinduliwa Machi 2007 tangazo likawa ni kutuma pesa nyumbani. Wahandisi walibuni mtambo, lakini kazi ya mtambo waliibuni wateja. Na haikuishia hapo, nani kwa ofisi gani alitunga hii adabu ya "tuma na ya kutoa"? Hakuna. Watu waliona kumtumia mzazi 1,000 halafu yeye akatwe kwa ajenti ni kumtumia pungufu, wakaanza kuongezea, na leo ukituma bila ya kutoa unaonekana mchoyo. Hiyo haiko kwa programu yoyote, ni sisi tuliiweka.

Lakini swali lenyewe tamu liko nyuma ya hapo, kwa nini Wakenya walikuwa na kiu hivyo ya kutuma pesa mbali? Nchi nyingi zimeiga M-Pesa na hazikufika mbali hivyo. Kuna mambo ya Benki Kuu kuiachia nafasi na kampuni moja kuwa na wateja wengi kuliko wenzake, hayo nayapita. Mimi nakupeleka 1901. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ikafika hapa ziwani, Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Haikujengwa kwa ajili yetu, ilikuwa ya kwenda Uganda. Lakini reli ikishakuwako lazima ibebe mzigo ndiyo ijilipe, kwa hivyo walowezi wakapewa mashamba kule Nakuru na Naivasha, mashamba yakataka vibarua, na vibarua wakapatikana kwa kodi ya nyumba, maana mtu ambaye anadaiwa kodi kwa rupia hana budi aende mahali rupia inalipwa. Wanaume wa Nyanza na Magharibi wakapanda treni kwenda mashambani, bandarini, na kwa karakana za reli hiyohiyo, wake wakabaki na shamba na watoto. Hivyo ndivyo ilivyoendelea kizazi baada ya kizazi, baba anakaa Landhies kule Nairobi ama Nakuru, boma liko Siaya ama Vihiga, na pesa ya karo inasafiri kwa mani-oda ya posta, kwa bahasha ya kondakta wa basi, kwa mfuko wa binamu anayeenda mazishi.

Jamii ya aina hiyo ndiyo M-Pesa iliikuta. Reli ilitengeneza familia za kugawanyika, familia hizo zikaifanya M-Pesa iwe vile ilivyo, halafu M-Pesa ikageuka ikaanza kuzitengeneza upya hizo familia. Ukiniuliza kati ya hizo tatu nani alimbadilisha nani, itabidi uniambie kwanza unaanzia kuhesabu mwaka gani.

Hapo kwa kutengeneza upya kuna utafiti nataka uusikie kwa sababu ni wa huku kwetu. Olga Morawczynski alifanya utafiti Kibera na Bukura, hapo Kakamega, miaka ya kwanza kabisa ya M-Pesa, akifuatilia pesa inatoka kwa mume mjini mpaka kwa mke kijijini. Akakuta pesa inayofika kijijini imeongezeka, na inakuja kidogo kidogo mara nyingi badala ya mara moja kwa mwezi, na wanawake wamepata mahali pa kuweka akiba ambapo mume hawezi kupapasa. Mazuri matupu. Lakini pia akakuta wanaume wanakuja nyumbani mara chache, maana zamani kupeleka pesa ndiyo ilikuwa sababu ya kusafiri, na kuna wake walianza kuwa na wasiwasi kwamba bwana atapata mwingine huko mjini. Pesa ikiweza kufika bila mwenyewe, mwenyewe anaweza kubaki.

Sasa soma hiyo tena ukifikiria chama chenu. Mlidhani mnakutana kwa ajili ya michango, kumbe michango ndiyo ilikuwa inawakutanisha. Kwa kikao mlikuwa mnaona nani amekonda, nani amefunga leso mpaka karibu na macho, nani hajaleta pesa na hataki kusema kwa nini. Mama akipungukiwa mia mbili anamnong'oneza jirani, jirani anafungua kibeti, imeisha. Kwa grupu mnafanya nini? Nina hakika mnaweka orodha, majina yote yamepangwa, tiki ya kijani kwa aliyelipa, eksi nyekundu kwa ambaye bado, inasomwa na wanachama na waume zao na watoto wanaochezea simu. Aibu haikuletwa na WhatsApp, aibu tulikuwa nayo tangu mababu, na faini ya kuchelewa pia ni yetu. Tofauti ni kwamba kwa kikao aibu iliisha watu wakishakunywa chai, lakini ile eksi inabaki hapo, ya mwezi huu na ya mwaka jana, yeyote akitaka anaiskroli. Mtu ambaye hana pesa mwezi huu hataomba radhi mbele ya watu wote, atanyamaza, halafu mwezi ujao atatoka kwa grupu usiku na wewe utaona tu "left".

Na kina nyanya wa kabambe, zile simu ndogo za kubonyeza, hawako hata kwa hilo grupu, si ndiyo? Wanasomewa na mjukuu, na mjukuu ndiye anawatumia pesa, kwa hivyo ndiye anajua PIN. Nyanya ambaye juzi alikuwa mshika ufunguo, mtu wa heshima, chama hakifunguki bila yeye, leo hana siri hata ya pesa yake mwenyewe. Mimi nikiwa yeye ningenyamaza pia.

Si kwamba naichukia simu. Tavneet Suri na William Jack walichapisha hesabu zao 2016 wakaonyesha kwamba M-Pesa imetoa nyumba 194,000 kwa umaskini, kama asilimia 2 ya nyumba zote za Kenya, na nyumba zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizofaidi zaidi. Hiyo mtu asiitupe hivihivi. Ninachokataa ni kuambiwa tuchague kati ya shangazi na wasichana. Kitu kikiwa kipya ni simiti mbichi, hata mtu wa kawaida akipita anaacha alama, na wale wateja wa Thika wa 2005 waliacha alama kubwa bila hata kujua. Kikishakauka, yaani ada zimepangwa, watu wamezoea, njia ya zamani imekufa, hapo ndipo kinaanza kuwaamulia nyinyi. Kwa hivyo mimi sishughuliki sana na nani anabadilisha nani, nashughulika na nani alikuwa hapo wakati bado inachanganywa na nani aliitwa kuja kuikanyaga ikiwa ngumu.

Angalia nduthi. Watu husema pikipiki za bei rahisi kutoka Asia ndizo zilituletea boda, lakini boda ilikuwako zamani na baiskeli, Busia na Malaba watu wakivushwa mpaka, na hapa Kisumu tulikuwa tunapakiwa kwa kiti cha sponji kutoka Kondele mpaka stendi, miguu ikining'inia. Kilichogeuza mambo ni Hazina ya serikali kuondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za injini ya chini ya cc 250, mwaka wa 2008. Mstari mmoja kwa bajeti, na vijana maelfu kwa maelfu wakapata kazi, mama mwenye uchungu wa kuzaa akapata usafiri saa nane usiku, na wodi za mifupa zikajaa. Wakati huo ndio ingekuwa rahisi kusema sawa, kodi tumeondoa, lakini kila pikipiki iuzwe na helmeti mbili na mafunzo. Haikusemwa. Jaribu kusema leo uone, hao ni kura.

Na ukitaka kuona mahali wahusika hawakuulizwa kabisa, panda gari uende Kericho. Mashine za kuchuma chai zimekuwa zikiingia mashamba makubwa kwa miaka, vyama vya wafanyakazi vikalalamika, kesi zikaenda kortini, na Mei 2023 waandamanaji wakavamia wakachoma mashine. Kuna waliowacheka ati ni washamba wanaogopa teknolojia. Wapi! Hao wachumaji wako na simu mfukoni kama wewe na mimi, wanajua Fuliza kuliko mimi. Hawakuwa na ugomvi na chuma, ugomvi ulikuwa kwamba faida ya mashine inaenda kwa kampuni na hasara inabaki kwa mama aliyekuwa akichuma kwa mikono, na hakuna meza yoyote ambapo hiyo hesabu ilizungumzwa naye. Moto siungi mkono, lakini mtu akikosa mlango atapita dirishani.

Turudi kwa kazi yako ya ukatibu, maana nadharia haitakusaidia Jumamosi. Kitu cha kwanza rudisheni kufuli tatu. Kikundi kikiwa na cheti kutoka ofisi ya maendeleo ya jamii, benki itawafungulia akaunti ya kikundi yenye watia sahihi watatu, na nyingi zinawapa namba ya Paybill ya kulipia kwa M-Pesa, kwa hivyo mama anaendelea kuchanga kwa simu yake, hata ya kabambe, lakini pesa haipiti tena kwa laini ya mtu na hakuna deni la mtu linaweza kuimeza. Na kati ya hao watatu, tafadhali, mmoja awe nyanya. Halafu kikao kirudi, hata kama pesa haitaguswa siku hiyo. Wekeni kanuni kwamba michango ni ya simu lakini anayepokea mzunguko lazima awepo na atangaziwe mbele ya watu, hapo watu watakuja tu, nani hataki kupigiwa makofi. Hiyo orodha ya tiki na eksi iondoe leo, ambaye hajalipa mtumie ujumbe wake peke yake, ikikosa mpigie. Saa ya mwisho ya kuchanga iwe saa mbili usiku, si saa sita. Wasichana watalalamika kwamba mnarudi nyuma, waache walalamike mwezi mmoja miwili, wao wanaona chama ni programu ya kuhamisha pesa kwa sababu hicho ndicho chama pekee walichokikuta.

AI sasa. Hii bado mbichi na ndiyo maana nimefurahi umeuliza mapema. Unajua kwamba baadhi ya waliofundisha ChatGPT kuepuka maneno machafu ni vijana wa Nairobi, waliosoma uchafu wa kila aina kutwa nzima kwa malipo ya chini ya dola 2 kwa saa, habari iliyotoka Januari 2023. Kwa hivyo msiongee kama AI ni kitu kinakuja kutoka mbali, mikono yetu tayari iko ndani, shida ni kwamba mikono iko ndani na sauti haiko. Na hapo kwa sauti nasema sauti kabisa, ya mdomo. Hii mitambo inaelewa lugha ambayo imelishwa, na Dholuo na lugha za Waluhya zimekuwa hazina maandishi wala rekodi za kutosha mitandaoni, ndiyo maana Chuo Kikuu cha Maseno pamoja na vyuo vingine wakafanya mradi wa Kencorpus, wakakusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo, na Kiluhya cha Lumarachi, Lulogooli na Lubukusu. Fikiria maana yake kwa nyanya wa kabambe. Siku simu itamwelewa akiongea Dholuo ya Nyando, anaweza kuuliza salio lake mwenyewe bila mjukuu. Ikifundishwa Kiingereza peke yake, mjukuu anabaki na PIN, safari hii pamoja na kila kitu kingine cha nyanya, dawa zake, hati ya shamba, kila kitu.

Miradi ya kurekodi sauti itaongezeka, na vikundi vya kina mama ndipo watu wa miradi hukimbilia kwanza kwa sababu mnapatikana mmekaa pamoja. Wakija kwenu msifurahie soda na nauli mkatia sahihi tu. Waulizeni sauti zinaenda kwa nani, zitatumika kutengeneza nini, kina mama wanalipwa kiasi gani, na mtu akibadilisha nia kesho atapiga simu kwa nani yake ifutwe. Ukitoa hilo la malipo, ambalo ni la kupatana, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inawapa haki ya kuuliza hayo, na wewe kama katibu majibu yao yaandike kwa daftari la chama na wao watie sahihi hapo.